KAZI YA NDEGE NG'AMBO YA MPAKA: NANI HUBAKI NA UNGA?

Haya ni mazungumzo tuliyoyatoa katika semina ya viongozi wa vikundi vya kujisaidia. Tumeyaandika karibu vile tulivyoyasema, ili wale ambao hawakufika wayasome pamoja katika vikundi vyao.

  Wengine mmetoka mbali, na kwa mvua ya jana tunajua barabara iko namna gani.

Leo tunataka kuzungumza juu ya kutengeneza ndege. Msicheke. Tunajua hapa hakuna kikundi chenye mradi wa ndege. Tuna mradi wa kuku, wa mbuzi wa maziwa, wa posho mill na wa kukodisha viti. Lakini ngojeni kwanza, mtaona inatuhusu vipi.

Mwaka uliopita kikundi kimoja cha kina mama, upande wetu huu wa mpaka, kilitembelewa na mfanyabiashara kutoka ng'ambo. Aliwaambia hivi: "Ninyi mna jengo na mna mikono. Mimi nitaleta mashine za kushona, ngozi iliyokatwa tayari, uzi na vifungo. Mtashona mikoba, nitawalipa kwa kila mkoba, nami nitaichukua nikaiuze kwetu." Kina mama wakaja kutuuliza: tukubali au tukatae?

Sisi, kwa haraka, tukajibu: "Kataeni. Huyo anatafuta mikono ya bei rahisi tu." Mama mmoja akatutazama, akasema: "Ninyi mna mshahara kila mwisho wa mwezi. Sisi tuna jengo tupu." Maneno hayo yalituchoma. Tulirudi ofisini tukajiuliza kama kweli tulikuwa tumewajibu, au tulikuwa tumelikimbia swali lao.

Basi tukaanza kutafuta mahali ambapo watu wamelijaribu jambo hili kwa muda mrefu. Tukapata mpaka wa Marekani na Meksiko. Huko wamekuwa wakiishi na swali la kina mama wetu tangu mwaka 1965. Na leo kazi mojawapo wanayoifanya upande wa Meksiko ni hiyo ya sehemu za ndege.

MAMBO YALIVYOANZA

Tangu mwaka 1942 Marekani ilikuwa ikichukua vibarua kutoka Meksiko kwenda kuvuna katika mashamba yake, kwa mapatano ya serikali hizi mbili. Mpango huo ulikwisha mwishoni mwa mwaka 1964. Wanaume wengi wakajikuta katika miji ya mpakani bila kazi na bila nauli ya kurudi kwao. Mwaka 1965 serikali ya Meksiko ikaanzisha mpango wa viwanda vya mpakani. Masharti yake yalikuwa rahisi kueleweka: kampuni ya kigeni ilete mashine na malighafi bila kulipa ushuru, watu wa mpakani wafanye kazi, na bidhaa zitolewe nje ya nchi. Na zilipokuwa zikirudi Marekani, forodha ya huko ilitoza ushuru juu ya thamani iliyoongezwa Meksiko tu. Vile vipande vilivyotoka Marekani kwenyewe havikutozwa.

Jambo moja la kushangaza ni kwamba mpango ulianzishwa kwa ajili ya wanaume waliokosa kazi, lakini kwa miaka mingi waliochukuliwa zaidi viwandani walikuwa wasichana na kina mama vijana. Mwenye kutunga mpango ni mmoja, na mwenye kuajiri ni mwingine. Tulikumbuke hilo.

Viwanda hivyo huitwa maquiladora. Neno hilo limetoka kwenye maquila, na maquila ilikuwa ni ile sehemu ya unga ambayo mwenye kinu alijiwekea kama malipo ya kusagia watu nafaka yao. Mahindi si yako na unga si wako. Wewe unasaga tu, na kinachobaki kwako ni kile kidogo cha malipo. Sisi wenye posho mill tunaelewa vizuri kabisa. Kwa hiyo tukisikia kazi fulani imevuka mpaka, swali letu la kwanza liwe: katika unga huu, gorogoro ngapi zinabaki hapa?

MWENYE KAMPUNI ANAPATA NINI?

Tusiwe watu wa kulaumu kabla ya kufahamu. Anayehamishia kazi ya ndege mpakani ana sababu zake, na ni sababu za maana. Sisi tumeziona tano.

Kwanza ni mshahara. Mwaka 2025 kiwango cha chini cha mshahara katika ukanda wa kaskazini wa mpaka wa Meksiko kilikuwa peso 419.88 kwa siku. Hizo zilikuwa kama dola 20 za Marekani mwaka ulipoanza. Jimbo la California, ambalo liko ng'ambo tu ya ukuta, kiwango cha chini mwaka huohuo kilikuwa dola 16.50 kwa saa moja. Pigeni hesabu ya saa nane: ni dola 132. Mafundi wa ndege hulipwa zaidi ya kiwango cha chini pande zote mbili, lakini pengo mmeliona. Na utengenezaji wa ndege una kazi nyingi sana ya mikono. Ndege kubwa ya abiria ina nyaya za umeme ambazo ukizinyoosha zinakwenda makumi ya kilomita na zaidi. Kila waya lazima upimwe, ukatwe, uwekwe alama, ufungwe pamoja na wenzake juu ya ubao wenye mchoro, kisha upimwe tena. Hakuna mashine inayomaliza yote hayo peke yake.

Pili ni umbali. Kutoka katikati ya San Diego, Marekani, hadi katikati ya Tijuana, Meksiko, ni kama kilomita 30. Injinia anaweza kulala nyumbani kwake, asubuhi avuke, aone kasoro kwa macho yake, na jioni arudi kula na watoto. Saa ya Tijuana na saa ya San Diego ni moja. Bidhaa zikitengenezwa Uchina, meli huchukua majuma kadhaa baharini. Zikitengenezwa Tijuana, lori huvuka, hata kama foleni ni ndefu. Na foleni ya pale ni ndefu kweli. Tulio wa mpakani hatuhitaji kuelezwa.

Tatu ni ushuru. Tarehe 1 Januari 1994 mkataba wa biashara huria kati ya Marekani, Kanada na Meksiko ulianza kazi. Mahali pake palichukuliwa na mkataba mpya tarehe 1 Julai 2020. Bidhaa nyingi zinazotimiza masharti ya mkataba huvuka bila ushuru. Tena mwaka 2019 serikali ya Meksiko ilipunguza kodi katika ukanda wa mpaka: kodi ya ongezeko la thamani ikawa asilimia 8 badala ya 16. Mwaka huohuo pia iliongeza mshahara wa chini wa ukanda huo mara mbili. Kwa hiyo serikali inaweza kumvutia mgeni kwa kupunguza kodi, na wakati huohuo ikamwinua mfanyakazi. Si lazima kuchagua kimoja.

Nne ni mwavuli. Kampuni ndogo inayoogopa sheria za nchi ngeni haihitaji kujiandikisha peke yake. Kuna kampuni za wenyeji ambazo kazi yao ni kumpokea mgeni: zinashughulikia vibali, forodha, jengo, mishahara na bima ya wafanyakazi. Mgeni analeta mashine, malighafi na ujuzi wa kazi yenyewe. Hii ni kama kikundi kikubwa kinachobeba vikundi vidogo chini yake hadi visimame.

Tano ni majirani wa kazi. Palipo na kiwanda kimoja cha ndege, cha pili kinakuja kwa urahisi. Gulfstream wamekuwa Mexicali tangu miaka ya 1980. Honeywell wako Mexicali na pia Chihuahua. Safran ya Ufaransa hutengeneza nyaya za ndege Chihuahua, na Textron, wenye ndege za Cessna, wako huko pia. Mji wa Chihuahua wenyewe hauko mpakani hasa, ila jimbo lake linapakana na Marekani. Kufikia mwaka 2019 Meksiko nzima ilikuwa inauza nje bidhaa za ndege zenye thamani ya zaidi ya dola bilioni 8 kwa mwaka.

NA MWENYEJI JE?

Wazee wetu walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Je, mwenyeji amepona?

Tulipofika hapa ndipo tulipogundua kosa la jibu letu kwa wale kina mama. Sisi tuliona mikono ya bei rahisi tu. Hatukuona kwamba kuna kazi zinazoacha kitu mikononi na kuna kazi zisizoacha kitu.

Miaka ya kwanza ya 2000, viwanda vingi vya mpakani vya kushona nguo na kuunga vifaa vya umeme vilifungwa au kuhamia Uchina, ambako mshahara ulikuwa mdogo zaidi. Vilikuja kwa sababu ya bei, na vikaondoka kwa sababu hiyohiyo. Kazi ya ndege ni ngumu zaidi kuihamisha hivyo. Kipande cha ndege hakiuzwi bila karatasi. Lazima ionekane chuma kilitoka wapi, nani alikikata, kwa mashine gani, siku gani, na nani alikikagua. Kiwanda lazima kipate cheti cha ubora kinachokubaliwa na wenye ndege duniani, na kukipata huchukua muda na fedha. Fundi naye lazima afundishwe na kupimwa. Ukishapata watu wanaoaminika kwa kazi ya namna hiyo, hutawaacha kwa urahisi eti umesikia pengine kuna watu wa bei ya chini.

Mweka hazina anayetunza kitabu cha fedha vizuri anaelewa jambo hili. Kitabu safi hakiliki, lakini ndicho kinachomfanya mfadhili arudi.

Watu wa kule hawakungoja kampuni iwafundishe peke yake. Jimbo la Chihuahua lina kituo chake cha mafunzo ya ufundi wa hali ya juu, ambako vijana hujifunza kukereza vyuma na kufunga nyaya za ndege. Chuo kikuu cha jimbo la Baja California kinafundisha uinjinia wa ndege. Katika mji wa Querétaro, ambao uko mbali na mpaka, serikali ilianzisha chuo kikuu cha ndege mwaka 2007, wakati kampuni ya Bombardier ya Kanada ilipokuwa imeingia. Kijana aliyeanza kwa kufunga nyaya anaweza kuwa mkaguzi, kisha mwalimu wa wengine. Hapo si malipo ya kusaga tu tena. Hapo mwenye kinu ameanza kujifunza kulima.

HASARA TUSIZIFICHE

Tukiwasifia faida tu tutakuwa tunawadanganya. Kuna mambo manne.

La kwanza, malighafi. Kwa miaka mingi viwanda vya mpakani vimenunua sehemu ndogo sana ya mahitaji yao kutoka kwa wenyeji. Vipande vinakuja kwa lori na vinaondoka kwa lori. Anayeuza mayai na chapati pale getini anapata kidogo, lakini mwenye karakana ya mjini hapati oda.

La pili, mkataba wa siri. Katika viwanda vingi vya Meksiko kulikuwa na tabia ya chama cha wafanyakazi kutia sahihi mkataba na mwajiri bila wafanyakazi wenyewe kuuona. Wengine hawakujua hata kwamba wana chama. Sheria ya mwaka 2019 ilibadilisha hayo: mikataba ya zamani ilitakiwa kupigiwa kura ya siri na wafanyakazi kabla ya Mei 2023, la sivyo ikafa. Sasa tuulizane kwa upole: ni vikundi vingapi hapa ambavyo mwenyekiti ametia sahihi karatasi na wanachama wakaisikia baadaye?

La tatu, maji na makazi. Viwanda huvuta watu, na watu wanahitaji maji. Tijuana inategemea sana maji ya Mto Colorado yanayosukumwa kutoka mbali kupitia milimani. Mwezi Machi 2020 wananchi wa Mexicali walipigishwa kura kuhusu kiwanda kikubwa cha bia kilichokuwa kikijengwa, kwa sababu ya hofu ya maji. Wengi wa waliopiga kura walisema hapana, na ujenzi ukasimamishwa. Hicho hakikuwa kiwanda cha ndege, lakini somo ni moja: kazi ikija, tuulize pia kisima.

La nne, kumtegemea mnunuzi mmoja. Hili tulielewe kwa uchungu wetu wenyewe. Tarehe 10 Machi 2019 ndege ya Ethiopian Airlines iliyokuwa ikija Nairobi kutoka Addis Ababa ilianguka. Watu 157 walikufa, na Wakenya walikuwa 32. Ilikuwa ndege ya aina ya Boeing 737 MAX, ya pili kuanguka kwa muda wa miezi mitano. Ubovu ulikuwa katika namna mfumo wa kuiongoza ulivyobuniwa, si kwa mafundi wa mpakani. Lakini ndege zote za aina hiyo zilizuiwa duniani, na Januari 2020 Boeing ikasimamisha kuzitengeneza kwa miezi kadhaa. Viwanda vinavyoiuzia vipande, mahali pengi, vikaguswa. Kisha ukaja ugonjwa wa korona na ndege zikalala chini. Na mwaka 2025 Marekani iliweka ushuru wa asilimia 25 kwa bidhaa za Meksiko zisizotimiza masharti ya ule mkataba. Mtu aliyeko kwenye meza ya nyaya hakukosea chochote, lakini riziki yake iko mikononi mwa watu asiowajua.

Na tusimsahau yule aliyeachwa upande wa pili. Mji kama Wichita, katika jimbo la Kansas, Marekani, umeishi kwa kutengeneza ndege kwa miaka mingi. Kila kazi inayovuka mpaka ilikuwa ya mtu fulani. Faida ya jirani isitufanye tucheke msiba wa jirani mwingine.

TURUDI KWA KINA MAMA

Baada ya kuyajua hayo tulirudi kwa kile kikundi. Kwanza tuliwaomba msamaha kwa jibu letu la haraka. Kisha tuliwasimulia hadithi hii ya ndege kama tulivyowasimulia ninyi. Yule mama aliyetuambia juu ya jengo tupu alisikiliza mpaka mwisho, akasema: "Basi shida si kushona mkoba wa mtu. Shida ni kushona miaka kumi bila kujua ngozi hukatwaje."

Sisi tulikuwa tumesoma majuma mawili. Yeye alilisema kwa maneno machache hivyo.

Wakaandika masharti yao matatu wenyewe. Sharti la kwanza: mfanyabiashara awafundishe wanachama wawili kukata ngozi na kupima ubora, si kushona tu. La pili: mkataba usomwe katika mkutano wa wanachama wote, kwa lugha wanayoielewa, kabla ya sahihi. La tatu: wamkodishe nusu ya jengo, na nusu ibaki kwa kazi yao wenyewe, ili akiondoka wasianze upya.

Hadi tunapozungumza leo hawajatia sahihi. Mfanyabiashara amekubali masharti mawili ya kwanza. Kuhusu jengo bado wanavutana, na yeye anasema kuna kikundi kingine ng'ambo kitakachompa jengo zima. Labda ni kweli, labda anawatisha. Kina mama wanajua wanaweza kumkosa. Sisi hatukuwaambia wakubali wala wakatae. Safari hii tuliona kazi yetu ni kukaa nao mpaka hesabu ziwe wazi, na uamuzi ni wao.

Tunalotaka mwende nalo nyumbani ni hili. Kazi inayovuka mpaka ina faida, na hakuna haja ya kuiogopa. Lakini mshahara mdogo humleta mgeni tu. Haumfanyi akae, wala haumwachi mwenyeji na kitu akishaondoka. Kinachobaki ni ujuzi, mkataba uliosomwa na wote, na kitu chako mwenyewe cha kuendelea nacho kesho.

MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA VIKUNDI

1. Katika mradi wetu, ni nani anayeleta malighafi, ni nani anayefanya kazi, na ni nani anayeuza? Kila mmoja anabaki na kiasi gani?

2. Kama mnunuzi wetu mkubwa angeacha kununua mwezi ujao, tungefanya nini?

3. Ni ujuzi gani katika kazi yetu ambao unajulikana na mtu mmoja tu? Tutaufundisha wengine lini?

4. Je, kuna karatasi ambayo kikundi chetu kimetia sahihi na wanachama wote hawajaisikia ikisomwa? Isomwe katika mkutano ujao.

5. Mgeni akija kesho na kazi, tutamwekea masharti gani matatu? Yaandikeni leo, kabla hajafika.

 Chai iko tayari.